Chembe ya Damu Ikikosa Nguvu



Mtoto akizaliwa, na mara macho yake yakawa ya manjano na viganja vikapauka, maneno huanza uani. Huyu asema ni ukoo wa mama, yule ataka baba aulizwe amekosana na nani. Manjano ya mtoto mchanga yana sababu nyingi. Leo nitaeleza moja isiyojulikana sana.

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, ikibeba hewa safi mwili mzima. Chakula chake ni sukari tu, nayo huivunja kwa hatua 10. Hatua ya mwisho husimamiwa na kimeng'enya kiitwacho piruveti kinasi. Maagizo ya kukitengeneza yameandikwa katika jeni iitwayo PKLR. Kila mtu anazo mbili, ya baba na ya mama. Moja ikiwa na kosa, nyingine yatosha. Mtu hulima na kucheza ngoma asijue lolote. Lakini mtoto akirithi mbovu zote mbili, chembe zake hukosa nguvu na kufa mapema, na bandama huvimba kwa kazi ya kuziondoa.

Wazazi wa namna hiyo wakizaa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mgonjwa. Wala msihesabu ati akiugua mmoja, watatu wafuatao wamepona! Kila mimba huanza hesabu yake upya.

Matabibu Valentine, Tanaka na Miwa waliutambua ugonjwa huu Marekani mwaka 1961, kwa wagonjwa watatu. Mwaka 1965 ikaandikwa habari ya Waamishi wa Mifflin, Pennsylvania, wakulima waendao kwa magari ya farasi na kuoana wao kwa wao. Wahenga wao walikuwa wachache, basi kosa lile lile likakutana mara nyingi katika nyumba moja. Baadhi ya watoto walikufa wakingali wachanga, na wazazi wao walikuwa wazima kabisa.

Siku hizi mgonjwa huongezewa damu. Mtoto akikua, huenda akatolewa bandama. Mwaka 2022 Marekani iliruhusu dawa ya vidonge, mitapivati, kwa watu wazima.

Mtoto akiwa wa manjano siku ile ile ya kuzaliwa, msingoje jua la asubuhi. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwani manjano ikizidi hudhuru ubongo. Na kama ndugu yake alikufa vivyo hivyo, mwambieni tabibu bila kuficha.