Bandama halipotei kwa kisu tu

Mwandishi, katika makala yako kuhusu watu wasio na bandama umewataja waliotolewa bandama kwa upasuaji. Huku kwetu Shinyanga na Geita wengi wasio na bandama hawajawahi kuguswa na kisu: ni wagonjwa wa selimundu, ambao bandama lao husinyaa tangu utotoni. Ndiyo maana bakteria wa nimonia huwapata kirahisi.

Sasa mweke kijana kama huyo kwenye machimbo ya dhahabu ya Mgusu au Nyarugusu huko Geita, kwenye vumbi la kusaga mawe. Akilazwa na nimonia, mapafu yana makovu ya vumbi, pengine na kifua kikuu, pengine VVU. Mimi naona hayo ndiyo humwangusha. Chanjo ya nimonia ilianza kutolewa kwa watoto wachanga mwaka 2013. Mwenye miaka 20 leo haikumkuta. Je, pale wodini kuna anayemuuliza kazi yake?