Maji ya Hola, moto wa Mangaung

Wapo wanaoamini kwamba kila kinachoishinda serikali kitanyooka kikipewa mwekezaji, magereza nayo yakiwemo. Eti kampuni ina mkataba, ikivurunda inafukuzwa, kwa hiyo itajichunga.

Mangaung, gereza la Bloemfontein, Afrika Kusini, lilitiwa mikononi mwa kampuni ya ulinzi ya G4S. Oktoba 2013 kampuni ilishindwa kulidhibiti, serikali ikalitwaa. Mwaka uliofuata ikalirudisha kwa G4S ile ile. Ndiko kufukuzwa huko? Mei 2022 maiti iliyoungua ikakutwa katika seli, ikatangazwa kwamba Thabo Bester, mfungwa wa maisha, amejiua kwa moto. Kumbe ametoroka. Sheria ya huko huweka ofisa wa serikali ndani ya kila gereza la binafsi, lakini walioufukua uongo ni waandishi wa tovuti ya habari ya GroundUp. Bester akanaswa Arusha, Aprili 2023.

Mtetezi wa dola asianze kupiga makofi. Sisi wa Tana River, Kenya, tuna Hola, kambi ya enzi za ukoloni wa Mwingereza. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 85 wa Mau Mau, watu waliozuiliwa bila kesi, walitolewa kambini kulazimishwa kazi kwenye mradi wa umwagiliaji, kwa mpango uliopata baraka za wakubwa. Askari wakawashukia kwa marungu, 11 wakafa. Taarifa rasmi ikasema wamekufa baada ya kunywa maji ya mkokoteni. Maji! Uchunguzi wa maiti ndio uliotoa majeraha hadharani. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo. Kambi ikapewa jina jipya, Galole, kana kwamba jina ndilo lililoshika rungu.

Kambi ile haikuwa na mwekezaji wala zabuni. Ilichokuwa nacho ni lango ambalo mtu wa nje hakuweza kulipita bila ruhusa ya wenyewe, na lango la namna hiyo huzaa uongo, awe analifunga karani wa kampuni au bwana jela wa serikali.

Leo mtu akipigwa katika kituo cha polisi cha Garsen, IPOA, chombo huru cha kusimamia polisi, ina mamlaka ya kuchunguza. Akishahamishiwa gereza la Hola, askari jela wa huko hawako chini ya IPOA. Kabla ya kujadili mwekezaji, Bunge liunde chombo cha kukagua magereza yote bila taarifa, kisichoripoti kwa Idara ya Magereza, na kitakachochapisha chanzo cha kila kifo.