Usiniambie Nipige Windows

Hapa Iyunga kuna ushauri unaotolewa bure kuliko maji ya mvua: "Piga Windows." Printa ikigoma, piga Windows. Sauti ikipotea, piga Windows. Na kama kompyuta yako inatumia Linux halafu ikashindwa kuchoma CD, hakuna hata anayeuliza imeandika nini. Hukumu imeshatoka. Mimi naukataa ushauri huu, na ninaukataa zaidi unapotoka kwetu sisi tunaosomea uhandisi.

Utasema, nani anachoma CD siku hizi? Sabufa zinasoma flashi, na kompyuta mpakato mpya hazina hata sehemu ya kuingizia CD. Ni kweli. Lakini zipo ofisi ambazo bado zinataka tasnifu ije na CD yake, na zipo kwaya zinazotaka nakala ambayo mtoto hataifuta kwa bahati mbaya. Kwa mwanafunzi wa uzamili aliyebakiwa na siku mbili, CD iliyogoma inaweza kumkosesha mahafali.

Brasero, programu ya kuchomea ambayo wengi wetu tunaitumia kwenye Linux, ikishindwa hufungua kidirisha na kusema kuna hitilafu. Wengi huishia hapo. Lakini kidirisha hichohicho kina kitufe cha kuhifadhi maelezo ya kazi nzima, hatua kwa hatua. Kwenye kompyuta yangu ya mezani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, maelezo hayo yaliishia na maneno haya: "power calibration area error".

Maana yake ni nyepesi. Kabla ya kuandika, leza hupima nguvu yake kwenye eneo dogo la CD lililotengwa kwa kazi hiyo, ili ijue iwake kwa ukali gani. Kipimo kikigoma, haiandiki. Sababu za kawaida ni CD hafifu, lenzi yenye vumbi, au leza iliyochoka. Sasa niambie, hapo Windows inaingilia wapi? Leza iliyochoka imechoka mbele ya mfumo wowote. Nilinunua CD za aina nyingine, nikashusha kasi ya kuchoma, nikasubiri. Ikaandika.

Si kila mara jibu huwa hilo. Wakati mwingine mtumiaji hajaingizwa kwenye kundi la "cdrom", kwa hiyo mfumo haumruhusu kugusa kifaa. Wakati mwingine diski kuu imejaa, na programu haina pa kuandaa faili kabla ya kuchoma. Wakati mwingine faili zimezidi MB 700 za CD. Kila tatizo lina ujumbe wake na dawa yake. Fundi gereji akiambiwa taa ya gari haiwaki, akaanza kushusha injini, utamwachia gari?

Na injini ikishushwa, kuna vinavyopotea. Mwenzangu wa darasa alipigiwa Windows na fundi wa mtaani kwa sababu ya CD iliyogoma. Rekodi za mahojiano yake na wakulima wa viazi wa Uyole zilifutika zote. Kompyuta iliporudi, CD ikagoma vilevile.

Hata hivyo, siwezi kumtupia fundi yule lawama zote. Ujumbe ule umeandikwa kwa Kiingereza cha maabara. Anayeusoma bila kuuelewa hana tofauti na ambaye hakuusoma. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Walioifanya walithibitisha kwamba kompyuta inaweza kuzungumza lugha yetu. Sisi tuliokuja baada yao tumefanya nini? Tunatengeneza mifumo yenye vitufe vya "Ingia" na "Tuma" kwa Kiswahili, lakini mambo yakiharibika mfumo unageuka kuzungumza Kiingereza, au unasema "Kuna hitilafu" na kunyamaza. Tumetafsiri mlango, tukasahau njia ya kutokea moto ukiwaka.

Kwa hiyo, ndugu unayeandika programu kwa ajili ya tasnifu yako, hili ndilo dai langu. Programu yako ikishindwa, iseme kimeshindikana nini, kwa nini, na mtu afanye nini. "Leza imeshindwa kupima nguvu yake kwenye CD hii. Jaribu CD ya aina nyingine au safisha lenzi." Maneno kumi na sita. Yangekuwepo siku ile, fundi angebadilisha CD, na sauti za wakulima wa Uyole zingekuwepo hadi leo.