Msimu bora wa mbuga ni upi, na ni wa nani?

Kila likizo inapokaribia, wazazi wa Keringet na viunga vyake huulizana swali lile lile: ni msimu upi ulio bora wa kuwapeleka watoto katika mbuga ya wanyama? Vitabu vya watalii vina jibu tayari: Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Wakati huo nyasi ni fupi, barabara ni kavu na wanyama hukusanyika penye maji.

Jibu hilo si la uongo, bali lina upungufu. Neno "msimu" tulilipata kutoka kwa Waarabu, ambao kwao lilitaja wakati maalumu wa jambo fulani, zikiwemo pepo za kusafiria baharini. Kwa asili, basi, msimu hupimwa kwa haja ya mwenye kuutumia. Msimu wa nahodha si wa mkulima, wala wa mtalii si wa mkaazi wa Mau.

Tuchukue Ziwa Nakuru, mbuga ya taifa tangu mwaka 1968. Kwa kuwa imezungushiwa ua, vifaru, nyati na twiga wamo humo mwaka mzima. Anayengojea kiangazi kwa ajili ya flamingo huenda akavunjika moyo. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 ziwa lilifurika, likafunika hata lango kuu la zamani, na magadi yanayostawisha chakula cha ndege hao yakazimuliwa. Wengi walihamia kwingine, hasa Bogoria.

Aidha, tutazame Maasai Mara, ambako nyumbu huvuka mto kati ya Julai na Oktoba. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mto Mara hutokana na Amala na Nyangores, na mito hiyo yote miwili huchimbuka katika Msitu wa Mau. Tambarare zikaukapo, maji hayo ndiyo yanayowanusuru wanyama. Yaani kiangazi cha mtalii kule chini huundwa na masika ya mkulima huku juu, na msitu unaoyahifadhi. Msitu huo, kwa mujibu wa jopokazi la serikali la mwaka 2009, ulikuwa umepoteza takriban robo ya eneo lake.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Wakaazi wengi wa upande huu wamelisikia neno "uhifadhi" vinywani mwa waliokuja kuwafurusha tu. Mtoto aliyekua hivyo atauonaje msitu kuwa wake?

Kwa maoni yetu, msimu bora kwa mtoto wa Keringet ni Aprili, shule zifungapo na mvua inyeshapo. Ni kweli kwamba barabara huwa na matope na gari madhubuti lahitajika. Lakini watalii ni wachache, hoteli nyingi hushusha bei, na mwananchi hulipa kiingilio kilicho chini ya cha mgeni. Zaidi ya yote, ataushuhudia Mto Njoro ukiingia ziwani kutoka Mau, ukiwa umebeba maji na udongo wa milimani.

Walimu na wazazi na wapange safari hizo. Kifaru ataonekana msimu wowote. Uhusiano wa shamba la Keringet na uhai wa mbuga huonekana vyema wakati wa mvua.