Daftari Si Kichwa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli, lakini walikuwa wakizungumzia mali. Elimu ina tabia yake. Unaweza kuiandika daftarini yote, mstari kwa mstari na tarehe kwa tarehe, na bado ikapotea bila habari. Nchi yetu ina madaftari mengi yaliyojaa na vichwa vingi vilivyo vitupu, nami nimechoka kusikia lawama zikitupwa kila upande isipokuwa upande unaostahili.

Utamsikia mmoja akisema kichwa chake kizito. Mwingine husingizia umri. Mwanafunzi hulaumu kitabu, mzazi hulaumu simu, na mwalimu hulaumu watoto wa siku hizi. Mimi nasema kwamba mara nyingi mtu husahau alichosikia darasani au alichosoma kitabuni kwa sababu hakukidai kichwa chake kirudishe kile kilichopokea. Alisikiliza, akaandika, akafunga daftari, akaenda zake. Baada ya mwezi mmoja anashangaa kwamba hana kitu. Mkulima aliyeacha mbegu ghalani msimu mzima hana haki ya kushangaa wenzake wanapovuna.

Ipo sababu nyingine ya kusahau ambayo siipuuzi, nayo ni kutoelewa. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Hunakili ubaoni maneno asiyoyajua, huyameza kama yalivyo, na kuyatapika siku ya mtihani. Mtu wa namna hiyo hatuwezi kusema amesahau, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kusahau. Lakini ninaowasema hapa ni wale walioelewa vizuri kabisa, wakatikisa kichwa kukubali, na bado wakapoteza. Nao ni wengi.

Katika chuo cha ualimu nilikosomea walikuwapo wakufunzi wa namna mbili. Mmoja aliingia na karatasi zilizobadilika rangi kwa umri, akasoma kwa sauti, nasi tukaandika hadi vidole vikafa ganzi. Tulimpenda sana, maana alitupa notsi nyingi. Mwingine alifika mikono mitupu na kusema, "Fungeni madaftari. Jana tulisema nini?" Huyo tulimwogopa. Leo, baada ya miaka zaidi ya 50, naweza kukueleza hatua za somo kama huyu wa pili alivyotufundisha. Ya yule wa kwanza nimebaki na rangi ya karatasi zake.

Haya si maneno ya mzee anayesifu zamani. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana yoyote, akajipima baada ya dakika, saa, siku na wiki. Aliona kwamba usahaulifu hukimbia mwanzoni na baadaye hutembea. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi yake ya kujifunza ilikuwa imepotea. Kilichobaki baada ya siku kadhaa kilipungua polepole. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali yana faida kuliko marudio yaliyolundikwa siku moja. Maneno yenye maana hudumu kuliko silabi zake, lakini sura ya jambo ni ile ile: hasara kubwa huja mapema, wakati wewe ungali unajiona tajiri.

Lipo jaribio jingine ambalo ningependa kila mwalimu alijue. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ya wanafunzi wa chuo kikuu waliosomeshwa habari fupi. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kuisoma. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja tu cha kusoma, halafu mara tatu likatakiwa kuandika lililokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tu walishinda: asilimia 83 kwa 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na wale waliojidai wenyewe walibaki na 61. La kusikitisha zaidi ni kwamba waliosoma tena na tena ndio waliotarajia zaidi kwamba watakumbuka. Kusoma kwa kurudia humfanya mtu azoee sura ya ukurasa, naye hudhani ameyajua yaliyomo. Ni kama mtu anayemwona jirani kila siku njiani, akadhani anamjua, kumbe hajui hata jina lake.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ujerumani wala Marekani. Hapa Litembo, katika milima ya Umatengo, somo hili liko mbele ya macho yetu kila msimu. Wamatengo waliobanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19 walilima miteremko mikali kwa ngolo. Majani hufyekwa, huachwa yakauke, hupangwa kwa mistari inayokatana mpaka mlima ukawa miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya majani. Linabaki shimo lililozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji hutulia mashimoni badala ya kuteremka na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Maharage hutangulia, mahindi hufuata. Maarifa haya yamepita vizazi vingi bila kabrasha hata moja.

Yalipitaje? Kwa desturi, kazi ya kuchimba ni ya wanawake. Msichana aliyefuatana na mama yake shambani alionyeshwa mara chache, kisha akapewa jembe. Kila shimo lilikuwa swali alilopaswa kulijibu mwenyewe, na mvua ndiyo iliyosahihisha. Akajibu mara nyingi kwa siku moja, akapumzika miezi kadhaa, na msimu uliofuata akaulizwa tena. Kudaiwa, kupumzika, kudaiwa tena: ndiyo siri yote.

Atasema mtu kwamba jembe ni kazi ya mikono, na maneno ni jambo jingine. Sivyo. Wabenedikto walioanza misheni ya Peramiho mwaka 1898, na makatekista waliotembea milimani huku kwa miguu, walifundisha dini kwa maswali na majibu. Wapo vikongwe wasiojua kuandika barua ambao hata leo ukiwauliza swali la katekisimu watakupa jibu kabla hujameza mate. Pwani nako, tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, nyingi zilibaki vinywani mwa watu kwa miaka mingi kabla ya W. E. Taylor kuzikusanya akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940. Kama wazee wa Mombasa wangekuwa na tabia yetu ya kusikia na kuacha, Taylor angekusanya nini?

Hapa ndipo wanaponirukia wale wanaoona neno "kukariri" kuwa tusi. Wanasema mimi nataka kutengeneza makasuku. Wanamtaja Mwalimu Nyerere, ambaye katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alilalamikia mitihani inayopima tu uwezo wa mtu kujifunza mambo na kuyatoa yakitakiwa. Namheshimu Mwalimu, na lalamiko lake lilikuwa la haki. Lakini alipinga elimu inayoishia hapo. Hakubariki kichwa kitupu. Fikra hazifanyi kazi hewani. Fundi hawezi kuchagua kifaa kisichomo ndani ya mfuko wake, wala mtu hawezi kulinganisha mambo mawili ikiwa moja amelisahau. Kasuku hutoa maneno bila maana. Mtu anayejidai kwa maneno yake mwenyewe, akaeleza sababu, akatoa mfano wa kijijini kwao, huyo si kasuku. Tumeogopa kasuku hadi tukafuga bubu.

Wengine husema zama hizi simu inakumbuka kwa niaba yetu. Hoja hiyo si ngeni. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, alisimulia habari za mfalme wa Misri, Thamus, aliyeletewa uvumbuzi wa maandishi naye akahofu kwamba watu wataacha kutumia kumbukumbu na kuonekana wenye hekima bila kuwa nayo. Bila shaka Plato aliyaandika hayo, na ndiyo maana tunayajua. Kwa hiyo sipingi kitabu wala simu. Napinga kuviachia kazi ambayo haviwezi. Simu hujibu ukiiuliza, lakini haikwambii la kuuliza. Asiyekumbuka kwamba ugonjwa wa chulebuni upo hawezi kuutafuta simuni anapoona buni zake zikisinyaa na kuwa nyeusi. Atadhani ni jua.

Nije kwenye semina na warsha, maana hapo ndipo fedha nyingi huzama. Watu huitwa mjini siku tatu, hupewa kalamu, mfuko na kabrasha nene, husikiliza mada moja baada ya nyingine, husaini, hupokea posho, hupiga picha ya pamoja. Kabrasha huenda kabatini na mada huenda na upepo. Ningekuwa na mamlaka, ningeamuru kwamba kabla ya posho kila mshiriki asimame dakika tano, bila karatasi, aeleze alichokipata. Na baada ya wiki mbili aulizwe tena huko kwao. Wahudhuriaji wangepungua, lakini wangebaki wanafunzi.

Hata shuleni dawa ilikuwamo tangu zamani. Andalio la somo lina nafasi ya utangulizi, na utangulizi mwema ni maswali juu ya somo lililopita. Lina nafasi ya tathmini mwishoni. Lakini mwalimu anayekimbizana na muhtasari huziruka zote mbili ili amalize mada. Namwuliza: umemaliza nini? Kama wanafunzi hawana somo la wiki iliyopita, kilichokwisha ni chaki.

Msidhani nabishania alama za mtihani. Mama mwenye mtoto mgonjwa huelezwa pale hospitalini namna ya kumpa dawa: kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi. Huitikia "ndiyo" kila mara, kwa heshima. Akifika nyumbani baada ya kupanda milima miwili, maneno yamechanganyika. Muuguzi anayesema, "Hebu nieleze utakavyompa," na kungoja jibu, ametumia nusu dakika na huenda ameokoa roho. Anayesema, "Umeelewa?" hajafundisha kitu.

Vivyo hivyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Takwimu husomwa, watu hupiga makofi, hutawanyika. Mkutano unaofuata zinasomwa nyingine. Mwananchi aliyesahau za mkutano uliopita ataulizaje kwa nini mifuko ya saruji iliyotajwa wakati ule imepungua leo? Raia asiyekumbuka hana swali, na kiongozi asiyeulizwa swali huharibika upesi kuliko maziwa. Kwa hiyo wapo wanaofaidika na usahaulifu wetu, nao hawatatufundisha kukumbuka. Ni lazima tujifunze wenyewe.

Kazi yenyewe haina gharama. Unapomsikiliza mtu, andika maneno machache yatakayokuongoza, na masikio yako yabaki kwake. Mkutano ukiisha, usifungue daftari kwanza. Ukiwa njiani jiulize: amesema mambo mangapi? La kwanza lipi? Kwa sababu gani? Pale unapokwama ndipo ufungue, usahihishe, ufunge tena. Ukifika nyumbani mweleze mwenzako au mtoto wako. Akikuuliza swali usiloliweza, mshukuru. Jidai tena kesho, tena baada ya siku tatu, tena baada ya wiki. Kitabu nacho ni hivyo hivyo: soma sura moja, kifunge, sema. Utakwama, na utaona uchungu. Uchungu huo ni wa jembe kugusa ardhi. Anayepiga rangi mistari ya kitabu kwa kalamu za rangi mbalimbali haoni uchungu wowote, wala havuni.

Nawe, ndugu msomaji, usigeuze ukurasa bado. Funga kitabu hiki, umtafute mtu aliye karibu, umweleze niliyosema, na kama hukubaliani nami mwambie ni wapi na kwa nini. Ukishindwa kunipinga kwa sababu umesahau nilichosema, basi hoja yangu imesimama. Ukinipinga kwa kukumbuka, nitafurahi zaidi.