Stensili Huazima Mkono, Haiazimi Jicho



Ndugu wasomaji, mama zangu na dada zangu, juma hili tugeukie karatasi. Wapo mabinti wengi hapa Pwani walioanza kutengeneza kadi za Idd, za arusi na za akika kwa mikono yao, wengine kwa mapenzi tu na wengine kwa kutafuta riziki ya halali bila kutoka nyumbani. Katika vifaa vyao, viwili vimeshika nafasi ya mbele: stensili na pesti ya nakshi. Ni vifaa vyepesi kuvitumia, na mwenye mkono usiotulia hupata navyo kazi safi. Lakini wepesi huo una mtego ndani yake, na mtego huo ndio ninaotaka tuuzungumze, baada ya kwanza kuelewana juu ya kazi yenyewe.

Stensili ni kipande cha plastiki au cha karatasi ngumu kilichokatwa matundu yenye umbo la nakshi. Wapakaji hina wanaijua vyema, kwani zipo stensili za hina zinazobandikwa mkononi, hina ikapakwa juu yake, kisha zikabanduliwa na ua likabaki. Pesti ya nakshi nayo ni rangi nzito iliyochanganywa na unga laini, nzito kama krimu ya keki iliyopigwa hata ikasimama. Ukiipitisha juu ya stensili hujaa katika matundu. Ukiiondoa stensili, nakshi hubaki imenyanyuka juu ya karatasi, na ikishakauka huwa ngumu, hata kipofu aweza kuisoma kwa kidole.

Kazi yenyewe

Anza na karatasi. Ile nyembamba ya kuandikia haifai, maana maji yaliyomo katika pesti huikunja. Tafuta karatasi ya uzito wa gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Karatasi moja ya A4, yenye milimita 210 kwa 297, ukiikata katikati hutoa vipande viwili, na kila kipande ukikikunja huwa kadi ya milimita 105 kwa 148. Kadi hiyo huingia bila taabu katika bahasha ya C6, yenye milimita 114 kwa 162. Mkunjo utie kabla ya nakshi, kisha uifunue kadi ilale. Ukikunja baadaye, pesti iliyo karibu na mkunjo itapasuka.

Bandika stensili kwa utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi, isisogee. Chota pesti kwa kisu butu cha siagi au kwa kadi ya plastiki iliyokwisha kazi, uiinamishe kidogo, kisha uivute kwa mwendo mmoja kutoka upande huu hadi ule. Ukienda na kurudi mara nyingi, pesti hupenya chini ya plastiki na ukingo wa nakshi hutapakaa. Unene wa milimita 1 watosha. Ukizidi 2, kazi huchelewa kukauka na huwa rahisi kupasuka. Halafu inua stensili juu moja kwa moja, kwa mikono miwili, bila kuiburura, na uitie papo hapo katika beseni la maji. Pesti ikikaukia katika pembe za matundu hutoka kwa kukwaruzwa, na stensili iliyokwaruzwa haitoi tena ukingo safi. Maji hayo ya beseni usiyamwage katika sinki, maana unga wake hutulia ndani ya mabomba na kuyaziba.

Kukauka huchukua saa moja au zaidi, kwa kadiri ya unene na hali ya hewa. Sisi tunaishi na unyevu wa bahari, na wakati wa masika kadi iliyotiwa nakshi asubuhi huenda jioni ikawa bado laini. Ilaze mahali penye upepo na kivuli. Jua kali hukausha ngozi ya juu na kuacha maji ndani, na hapo ndipo nyufa huanza. Karatasi ikijikunja kidogo, subiri pesti ikauke kabisa, kisha uilaze kadi kifudifudi juu ya kitambaa laini na uipe uzito wa vitabu kwa usiku mmoja.

Asiyepata pesti ya dukani anaweza kuchanganya yake. Twanga chaki nyeupe za ubaoni, uchekeche unga wake kwa kitambaa chepesi, kisha uuchanganye na gundi nyeupe ya mbao pamoja na rangi nyeupe ya maji kidogo. Ongeza unga kidogo kidogo hadi mchanganyiko usimame juu ya kijiko bila kuteremka. Jifunge kitambaa puani wakati wa kuchekecha, na watoto wakae mbali, kwani vumbi hilo halifai kuvutwa. Kabla ya kuitumia kwenye kadi, ijaribu juu ya kipande cha karatasi na uiache ikauke, upate kujua kama imeshika au inapukutika. Ikipukutika, gundi ilikuwa chache.

Mtego

Sasa tuje kwenye mtego. Stensili humwazima mtu mkono, lakini haimwazimi jicho. Zile zinazotoka viwandani mbali zina mawaridi, vipepeo, chembe za theluji na maneno ya Kizungu, na kila anayenunua ile ile hutoa kadi ile ile. Wapange mabinti watano kwenye meza moja ya maonyesho, kila mmoja na kadi zake, na mnunuzi hatajua ya nani ni ipi. Hapo kazi ya mkono huwa imepoteza kitu ambacho mnunuzi aliifuata, na hubaki kushindana kwa bei tu na kadi za mashine, mashindano ambayo mtu wa nyumbani hawezi kuyashinda.

Na sisi ni watu wa nakshi. Katika nyumba za mawe za Lamu, zile zilizojengwa karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani umepambwa kwa zidaka, safu juu ya safu, zilizofanywa kwa chokaa ya matumbawe na kuchongwa maua, minyororo na mafundo. Nakshi hizo ni nyeupe juu ya nyeupe. Zinaonekana kwa sababu mwanga hupita kwa upande na kila mchongo hujitupia kivuli chake. Pesti nyeupe juu ya karatasi nyeupe hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Ndiyo maana namshauri kila anayeanza aiache rangi kwa muda, atie nyeupe juu ya nyeupe, kisha aigeuze kadi mbele ya dirisha. Nakshi iliyopimwa vizuri itajitokeza yenyewe, na iliyovurugika itajitokeza pia, hapana rangi ya kuificha.

Wazee wetu hawakuona ajabu nakshi kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa waandishi walionakili misahafu na kuipamba kingo kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa katika karne ya 19, alikuwa mshairi, mwandishi wa miswada kwa hati nzuri, na pia mchonga milango. Mkono ulioshika kalamu ndio ulioshika patasi. Basi ua lililotoka katika mbao likaingia katika karatasi haliko ugenini.

Kukata stensili yako

Plastiki ngumu ya jalada la faili, au picha ya eksirei iliyokwisha kazi, hufaa sana. Tumia kisu chenye ncha, juu ya ubao au kioo kinene, na kazi hii isiachiwe mtoto mdogo.

Chukua mfano wa nyota ya pembe nane, ambayo yaonekana katika sanaa za Waislamu kutoka Andalusia hadi Bara Hindi. Kata duara la karatasi lenye upana wa sentimita 6. Likunje nusu, tena nusu, na tena nusu, kisha ulifunue: mikunjo itakupa alama nane ukingoni. Zipe namba 1 hadi 8. Unganisha 1, 3, 5 na 7 kwa mistari iliyonyooka, upate mraba. Kisha 2, 4, 6 na 8, upate mraba wa pili. Nyota imekwisha, bila rula ya kupimia pembe.

Lakini usiikate yote kama tundu moja. Nyota hiyo ina pembe tatu ndogo nane zinazozunguka umbo la katikati lenye pande nane. Kata zile pembe tatu tu, na kati ya moja na ya pili acha daraja la milimita 2. Madaraja hayo manane ndiyo yanayolishika umbo la katikati lisidondoke. Hii ndiyo siri ya kila stensili: kisichoshikwa na chochote huanguka.

Siri hiyo huwasumbua wengi wanapotaka kukata maandishi ya Kiarabu. Herufi kama mim, waw, fa, qaf na sad zina jicho ndani yake, na jicho lisiloachiwa daraja huanguka, herufi ikabaki donge lisilosomeka. Acha daraja jembamba kwa kila jicho, na pesti ikishakauka unaweza kuziba pengo lake kwa ncha ya kijiti.

Na hapa pana adabu ya kukumbuka. Kadi husafiri: hupita mikononi, hulala sakafuni baada ya karamu, na mwisho wake huenda ukawa jaani. Kwa hiyo ni vyema aya za Qur'an na jina la Mwenyezi Mungu tuziepushe na kitu ambacho hatujui kitaishia wapi. Maneno ya "Idd Mubarak", au jina la kitongoji na tarehe ya arusi, yatosha, na nakshi zitasema yaliyobaki. Anayetaka kuandika aya na aiandike katika ubao wa kutundikwa ukutani, mahali pa heshima.

Hesabu ya riziki

Anayeuza na ahesabu pia muda wake. Tufanye mfano: karatasi, pesti na bahasha zimekula shilingi 45 kwa kadi moja, na mkono umekaa dakika 20. Akiiuza shilingi 60 atakuwa amepata shilingi 15 kwa dakika 20, yaani shilingi 45 kwa saa nzima. Wengi huishia hapo, wakachoka, wakaiacha kazi wakidhani haina baraka. Dawa ni mbili. Ya kwanza, fanya kadi kumi kwa mfululizo: pesti ya kumi zote hupakwa kwa stensili moja kabla ya kuioshea mwishoni, na zote hukauka pamoja. Ya pili ni ile tuliyokwisha kuitaja: kadi yenye nakshi isiyopatikana kwingine ndiyo inayoweza kudai bei yake. Bibi arusi wa Lamu akiona kadi yake ina ua la mlango wa nyumba ya bibi yake, hataulizia ya dukani.

Basi wito wangu juma hili ni huu. Mchukue binti yako, au mpwa wako, mwende mkatazame nakshi moja ya zamani: mlango, kidaka, kasha la bibi, ukingo wa mkeka. Pigeni hodi na muombe idhini kwa mwenye nyumba. Mlango wa mbao waweza kufunikwa karatasi na kusuguliwa taratibu kwa penseli, ua likajichora. Lakini chokaa ya zamani isiguswe, kwani hupukutika, ipigwe picha tu. Rudini nyumbani, mchore, mkate, mpake pesti. Nyuma ya kadi andikeni nakshi imetoka mtaa gani na katika kitu gani, na stensili yenyewe muihifadhi ndani ya faili kwa ajili ya atakayekuja.

Nyumba hizo zinazeeka. Nyingine hupakwa saruji, nyingine huvunjwa, na milango huuzwa. Kidaka kikibomoka, ua lake hufa pamoja na ukuta, isipokuwa kama kuna mkono uliowahi kulinakili. Mkono huo si lazima uwe wa fundi mkubwa. Waweza kuwa wa msichana wa miaka kumi na minne, mwenye kipande cha plastiki na kijiko cha pesti, anayejua anachokitazama.

Wabillahi tawfiq.