Kalibu Bora si Lazima Iwe ya Ghali

Wapo watu wengi, hata miongoni mwa wasomi, wanaodhani kwamba kuchagua chombo cha kazi ni shauri la fedha tu. Napenda kuipinga dhana hiyo kwa mfano kutoka Marekani, ambako wawindaji na walenga shabaha wengi hujaza upya maganda ya risasi za bunduki zao.

Ganda hilo kwa kawaida hutengenezwa kwa aloi yenye asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Bunduki ifyatuliwapo, gesi ya baruti huzisukuma kuta za ganda mpaka zikabana chemba. Kwa risasi ya aina ya .30-06, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, kanieneo huweza kufikia mara 4,000 ya ile ya angahewa. Baadaye ganda hunywea kidogo, lakini halirudii kabisa umbo lake la awali. Ndipo huhitajika kalibu, yaani chombo cha chuma kigumu ambamo ganda husukumwa ili lirudishiwe vipimo vyake.

Ipo kalibu inayobana ganda zima, na ipo inayobana shingo peke yake. Ile ya kwanza hulifanya ganda lifanane na jipya. Lakini ikitegwa vibaya, hulisukuma bega la ganda nyuma kupita kiasi. Risasi ifyatuliwapo tena, ganda hulazimika kurefuka ili liijaze nafasi iliyoachwa. Ukuta wake karibu na kitako hukonda, na baada ya mara kadhaa huweza kukatika, gesi ya moto ikamrukia mfyatuaji usoni. Kalibu ya shingo huipunguza hatari hiyo, ila ganda huzidi kutanuka mpaka likawa gumu kuingia katika chemba.

Je, ipi ichaguliwe? Kwa maoni yangu, kwa bunduki ya kuwinda yafaa ile ya ganda zima, mradi itegwe ili irudishe bega kwa milimita 0.03 hadi 0.05 tu, kipimo kilicho chini ya unene wa unywele. Kiasi hicho hakijulikani ila kwa kulipima ganda lililofyatuliwa katika bunduki ile ile. Kalibu ya kabaidi ni ghali na haichakai upesi. Hata hivyo, ganda lenye bega bado huhitaji kupakwa mafuta, na bei yake haiwezi kumwambia mtu ukubwa wa chemba yake.

Hapa pana funzo kwa shule zetu. Wanafunzi hukariri maana ya mnyumbuko wa metali bila kuugusa kwa mikono yao. Mwalimu na awape kipande cha waya wa shaba, waukunje na kuukunjua mpaka uwe mgumu na kukatika. Kisha wapashe moto kipande kingine kilichokwisha kuwa mgumu, waone jinsi kinavyolainika. Hayo ndiyo yanayoipata shingo ya ganda linalobanwa mara kwa mara, na ndiyo sababu wajuzi huipasha moto isipasuke.

Kijana aliyezoea kupima kabla ya kuchagua hatadanganywa na bei, awe karakana, maabara au shambani. Mazoea hayo hayahitaji fedha nyingi, na ni wajibu wetu walimu kuyapanda mapema.